Mnunuzi Hana Mantiki? Tuonyesheni Kwanza Nguvu ya Jaribio Lenu

Kuna kauli inayorudiwa kwenye warsha za sera na mijadala ya redioni kana kwamba ilishathibitishwa zamani: watu wa kipato cha chini hawajui kupanga matumizi. Wanapimiwa mafuta robo robo badala ya kununua dumu. Bei ya sukari ikipanda, wanazidi kuinunua. Hiyo ni tuhuma, na tuhuma hudai ushahidi. Uchumi unao utaratibu wa kuichunguza, ulioanza kujengwa mwaka 1938, na sehemu yake ya kwanza inahitaji kalamu, karatasi na orodha ya manunuzi tu.

Tatizo ni kwamba utaratibu huo hutumiwa vibaya pande zote mbili. Wapo wanaokuta manunuzi machache yanayopingana wakatangaza kwamba mlaji hana mantiki. Wapo pia wanaokuta karibu kaya zote zimefaulu wakatangaza kwamba nadharia ya uchumi imeshinda. Msimamo wangu ni huu: kufaulu au kufeli jaribio hili hakuna maana yoyote mpaka mambo mawili yaandikwe kando ya matokeo. La kwanza, jaribio lilikuwa na uwezo kiasi gani wa kumnasa mtu anayenunua ovyo? La pili, bei na kiasi vilipimwa kwa kosa la ukubwa gani? Ripoti isiyojibu maswali hayo haistahili kutungiwa sera.

Tuanze na kinachojaribiwa, maana hapo ndipo wengi hupotea. Mchumi Paul Samuelson alipendekeza mwaka 1938 kwamba tusimuulize mtu anapenda nini. Tutazame alichonunua wakati kingine kilikuwa ndani ya uwezo wake. Ukichukua kapu la kwanza ilhali kapu la pili lisingekuzidi fedha, umeonyesha kwamba la kwanza kwako si duni kuliko la pili. Mwaka 1950 Hendrik Houthakker akaongeza minyororo: kama la kwanza limelishinda la pili, na la pili limelishinda la tatu, basi la tatu lisije likageuka na kulishinda la kwanza. Sydney Afriat akathibitisha mwaka 1967 kwamba manunuzi yasiyo na mzunguko wa aina hiyo yanaweza kuelezwa yote kwa orodha moja ya mapendeleo, na yenye mzunguko hayawezi kabisa. Hal Varian, mwaka 1982, akaugeuza uthibitisho huo kuwa hatua ambazo mtafiti yeyote anaweza kuzifuata.

Kwa hiyo mantiki inayopimwa hapa ni uthabiti tu. Mtu anayemaliza mshahara wake kwenye bia atafaulu vizuri, mradi matumizi yake yasipingane bei zinapobadilika. Jaribio halijui lishe, halijui ada ya shule, halijui hekima. Anayelitumia kusema kwamba watu wanakula vibaya amechukua chombo kisicho cha kazi hiyo.

Sasa mfano, wenye namba nilizozichagua ili hesabu iwe nyepesi. Mwezi wa kwanza kilo ya unga wa sembe ni shilingi 1,500 na kilo ya maharage ni 3,000. Kaya inanunua kilo 20 za unga na kilo 5 za maharage, jumla 45,000. Mwezi wa pili unga umepanda hadi 2,000, maharage yameshuka hadi 2,000. Kaya ileile inanunua kilo 23 za unga na kilo 3 za maharage, jumla 52,000.

Thaminisha kila kapu kwa bei za mwezi mwingine. Kapu la mwezi wa pili, kwa bei za mwezi wa kwanza, lingegharimu 34,500 za unga na 9,000 za maharage: 43,500. Mwezi wa kwanza kaya ilitumia 45,000, kwa hiyo ingeweza kulichukua kapu hilo ikabakiwa na 1,500, lakini ililiacha. Kapu la mwezi wa kwanza, kwa bei za mwezi wa pili, lingegharimu 50,000. Kaya ilitumia 52,000, kwa hiyo nalo liliachwa lilipowezekana. Kila kapu limelishinda lenzake, na hakuna orodha moja ya mapendeleo inayoweza kuyazaa machaguo yote mawili. Unga umepanda ukilinganisha na maharage, na kaya imeuongeza unga. Kwa lugha ya jaribio, kaya imefeli.

Ukiwa na miezi 12, chora jedwali la mistari 12 na safu 12. Katika kila kisanduku andika 1 kama kapu la mwezi wa safu, kwa bei za mwezi wa mstari, halizidi fedha zilizotumika mwezi wa mstari. Vinginevyo andika 0. Kisha unganisha minyororo: kila mwezi mmoja unapoushinda wa kati, na wa kati unapoushinda wa tatu, andika kwamba wa kwanza umeushinda wa tatu. Hizo ni hatua 1,728 kwa miezi 12, kazi ya sekunde moja kwa kompyuta yoyote. Mwisho tafuta jozi ambayo mwezi mmoja umeushinda mwingine kwa mnyororo, huku ule mwingine ukiwa umetumia fedha zaidi, zaidi kabisa, kuliko gharama ya kapu la ule wa kwanza. Kosa la kawaida ni kuchanganya alama za kulinganisha: kwenye kujaza jedwali usawa unahesabiwa, kwenye hatua ya mwisho hauhesabiwi. Kosa jingine ni la desimali. Kompyuta ikizungusha namba, kapu linaweza kuonekana ghali kuliko lenyewe kwa sehemu ndogo ya senti, na kaya safi ikatiwa hatiani. Fanya hesabu kwa shilingi nzima. Na kama una bidhaa mbili tu, kulinganisha jozi kunatosha. Kuanzia bidhaa tatu, kosa linaweza kujificha kwenye mnyororo bila jozi yoyote kulionyesha.

Kufeli huku ni kukubwa au kudogo? Fahirisi ya ufanisi ya Afriat inauliza tupunguze bajeti kwa sehemu gani ili mzunguko ukatike. Hapa tunahitaji kukata kiungo kimoja tu, na kilicho rahisi kukata ni cha mwezi wa kwanza: 43,500 gawanya kwa 45,000, yaani 0.967. Kaya imepoteza kama asilimia 3.3 ya bajeti ya mwezi mmoja. Watafiti wengi hukubali chochote kinachofika 0.95, na kwa kipimo hicho kaya yetu imefaulu. Lakini hiyo 0.95 ni mazoea. Haikutokana na hesabu yoyote ya uwezekano, na mtu anayeiita kiwango cha umaanifu, yaani mpaka wa kitakwimu wa kukataa dhana, anawapotosha wasomaji wake. Ndiyo maana takwimu zinahitajika.

Swali la kwanza la takwimu ni nguvu. Stephen Bronars aliuliza mwaka 1987: kama mnunuzi angegawa fedha zake kwa bahati nasibu, jaribio lingemkamata mara ngapi? Katika mfano wetu tunaweza kujibu bila kompyuta. Mistari miwili ya bajeti, kila mmoja ukiwa ni makapu yote yanayomaliza fedha za mwezi wake, inakutana kwenye kilo 22 za unga na kilo 4 za maharage. Ili kufeli, mnunuzi lazima mwezi wa kwanza achukue zaidi ya kilo 4 za maharage, na mwezi wa pili achukue chini ya kilo 4. Mwezi wa kwanza fedha zote zingenunua kilo 15 za maharage, kwa hiyo uwezekano ni 11 kwa 15. Mwezi wa pili zingenunua kilo 26, kwa hiyo uwezekano ni 4 kwa 26. Zidisha: 0.113.

Tuitazame namba hiyo vizuri. Mtu anayenunua kwa kurusha shilingi angefaulu jaribio hili mara 89 katika 100. Basi mtafiti akija na habari kwamba asilimia 92 ya kaya zimefaulu, ameigundua tofauti ya pointi tatu kati ya watu na bahati nasibu. Tofauti hiyo, yaani asilimia ya waliofaulu ukitoa asilimia ambayo bahati nasibu ingefaulu, ndiyo alama aliyoipendekeza Reinhard Selten, na Timothy Beatty na Ian Crawford waliitumia kwenye data za kaya za Hispania mwaka 2011. Karibu kaya zote zilikuwa zimefaulu, lakini alama ilikuwa karibu na sifuri. Kufaulu kule hakukuwa na habari ndani yake.

Nguvu inaweza kuwa sifuri kabisa. Rudi kwenye mfano, ila mwezi wa pili kaya itumie 70,000 badala ya 52,000. Sasa kila kapu lililowezekana mwezi wa kwanza linawezekana mwezi wa pili, na mistari haikutani popote. Hata kichaa angefaulu. Hali hiyo ndiyo ya kawaida kwenye data za taifa zima, kwa sababu mapato hukua mwaka hadi mwaka huku bei za bidhaa zikipanda kwa pamoja. Varian alipojaribu data za jumla za Marekani za baada ya Vita Kuu ya Pili hakuona ukiukaji, na tafsiri sahihi ni kwamba bajeti zilikuwa hazikatani vya kutosha. Richard Blundell, Martin Browning na Ian Crawford walitafuta njia ya kutoka hapo mwaka 2003 kwa data za matumizi ya kaya za Uingereza: wakadirie kwanza jinsi mahitaji yanavyobadilika kipato kikibadilika, kisha wazipange bajeti upya ili kila moja ipite juu ya chaguo la ile iliyotangulia. Kwa njia hiyo bei peke yake ndiyo inayotikisika, na jaribio linarudishiwa meno.

Anayetaka kupima nguvu kwa bidhaa nyingi afanye hivi. Kwa kila kaya, shika bajeti zake halisi, tengeneza wanunuzi bandia 1,000, jaribu kila mmoja, hesabu waliofeli. Mgawo wa bahati nasibu usitengenezwe kwa kuchukua namba za nasibu zenye uwezekano sawa kati ya 0 na 1 na kuzigawa kwa jumla yake. Njia hiyo huwarundika wanunuzi bandia katikati ya bajeti. Chukua logariti asilia ya kila namba, ibadili kuwa chanya, ndipo ugawe kwa jumla. Hata hivyo, mnunuzi anayeweza kutumia fedha zote za chakula kwenye chumvi si mpinzani wa maana. Ni afadhali migawo ya bandia ichotwe kutoka kwenye migawo ya kaya nyingine za sampuli hiyohiyo. Mara nyingi nguvu itashuka, na hiyo iliyoshuka ndiyo ya kuandika kwenye ripoti.

Swali la pili ni kosa la kupima, na hapa ndipo tuhuma nyingi hufa. Varian alitoa utaratibu wake mwaka 1985. Chukulia kwamba kiasi kilichoandikwa si kiasi halisi. Kila namba ina kosa dogo. Tafuta mabadiliko madogo kabisa ya namba yatakayoifanya kaya ifaulu, jumlisha miraba ya mabadiliko hayo, ugawe kwa mraba wa mchepuko wastani wa kosa la kupima (ukubwa wa kawaida wa kosa hilo), ulinganishe na jedwali la kai-mraba, linaloonyesha jumla kama hiyo inaweza kufika wapi kwa bahati tu. Kwa mfano wetu kuna namba nne (bidhaa mbili, miezi miwili), na kizingiti cha asilimia 5 ni 9.488.

Nimeifanya hesabu. Badilisha unga wa mwezi wa pili kutoka kilo 23 hadi 23.496, unga wa mwezi wa kwanza kutoka 20 hadi 19.624, maharage ya mwezi wa kwanza kutoka 5 hadi 4.953, na maharage ya mwezi wa pili kutoka 3 hadi 3.017. Mzunguko umefika ukingoni mwa kukatika. Gramu chache zaidi zinaukata. Jumla ya miraba, kwa uwiano, ni 0.00094. Gawa kwa 9.488 kisha tafuta kipeuo cha pili: unapata kama 0.01. Kwa maneno mengine, kama kosa la kupima lina mchepuko wa asilimia 1 au zaidi, huwezi kuikataa nadharia kwamba kaya hii ina mantiki. Gramu 10 kwa kila kilo zinatosha kuifuta hukumu nzima.

Nani anapima matumizi ya kaya kwa kosa dogo kuliko asilimia 1? Tanzania ina jibu lake. Kathleen Beegle, Joachim De Weerdt na wenzao walichapisha mwaka 2012 matokeo ya jaribio walilofanya nchini humo, ambapo kaya zipatazo 4,000 ziligawanywa kwa nasibu katika mbinu nane za kuhoji matumizi: shajara ya kila mtu, shajara ya kaya, kukumbuka siku 7, kukumbuka siku 14, orodha ndefu, orodha fupi, na kadhalika. Kaya za aina moja, zilizohojiwa kwa mbinu tofauti, zilitoa viwango vya matumizi vilivyoachana mbali sana kuliko asilimia 1. Anayetumia hojaji ya kukumbuka, kisha akatangaza kwamba kaya za kijiji fulani hazina mantiki kwa sababu fahirisi yao ni 0.96, amepima uzito wa hojaji yake.

Nikubali upande wa pili: jaribio la Varian ni la tahadhari mno. Linampa mshitakiwa nafasi kubwa, kwa kuwa linachagua makosa yanayomfaa zaidi kati ya yote yanayowezekana. Ukitaka kuikataa nadharia kwa njia hiyo unahitaji ukiukaji mkubwa. Kwangu hilo ni sahihi. Hukumu juu ya akili za watu inapaswa kuwa ngumu kuifikia.

Kiasi ni nusu ya tatizo. Nusu nyingine, ambayo kwa Afrika Mashariki naiona nzito zaidi, ni bei. Jaribio zima limesimama juu ya dhana kwamba kila kilo ina bei moja na mstari wa bajeti umenyooka. Dukani kwa Mangi bei haikunyooka. Kenya wana jina la hali hii, uchumi wa kadogo: sabuni ya kipande, majani ya chai ya pakiti ndogo, mafuta ya kupimiwa. Tuseme lita ya mafuta ni shilingi 6,000 na kipimo cha robo ni 1,700. Anayenunua robo nane amelipa 13,600 kwa lita mbili. Mtafiti anayetumia bei ya lita nzima ataandika 12,000. Tofauti ni 1,600 kwa bidhaa moja, wakati pengo lote lililoitia kaya yetu hatiani mwezi wa kwanza lilikuwa 1,500. Bei moja iliyokosewa inatosha kutengeneza mkosaji, au kumficha.

Wengine hujibu kwa kugawa fedha kwa kiasi na kuita matokeo bei. Angus Deaton alionyesha miaka ya 1980 kwa nini hilo ni hatari: ukigawa hivyo unapata thamani ya wastani, ambayo ndani yake kuna ubora. Kaya iliyohama kutoka mchele wa kawaida kwenda mchele wa Kyela itaonekana kukutana na bei iliyopanda, ilhali imechagua kitu kingine. Vipimo vya mtaani vinaongeza ugumu: fungu la nyanya hupungua ukubwa msimu wa uhaba huku bei ikibaki palepale, sado la huku si sado la kule, na gorogoro lililobonyezwa kitako si sawa na gorogoro zima. Aliyeandika "fungu 1, shilingi 1,000" kwa miezi 12 ameandika kwamba bei ya nyanya haikubadilika mwaka mzima.

Halafu kuna ukomo wa siku. Mtu anayelipwa kibarua jioni hana bajeti ya mwezi mkononi. Ana bajeti 30 ndogo, na kwenye kila moja dumu la lita 20 haliwezekani. Kumjumlishia manunuzi ya mwezi na kusema kwamba angeweza kuokoa kwa kununua dumu ni kumpa kapu ambalo halikuwahi kuwa ndani ya uwezo wake. Nadharia haikwami hapo: Françoise Forges na Enrico Minelli walionyesha mwaka 2009 kwamba jaribio linaweza kufanywa hata kwa bajeti zilizopinda, mradi umbo lake lijulikane. Kinachokosekana ni data za umbo hilo.

Ramadhani inatupa mtego mwingine. Sukari, tende na unga wa ngano hupanda bei, na kaya za Kiislamu huzidisha kununua. Jaribio likipewa miezi 12 bila maelezo litaona kitu kimepanda bei na kununuliwa zaidi. Lakini dhana inayojaribiwa ina sehemu mbili zilizofungwa pamoja, mantiki na mapendeleo yasiyobadilika, na kufeli hakusemi ipi imevunjika. Anayejua kalenda ya watu anaowachunguza atalinganisha Ramadhani na Ramadhani. Vivyo hivyo kwa vitu vinavyowekwa akiba: aliyesikia kwamba mahindi yatapanda zaidi atanunua gunia leo hata kama leo tayari yamepanda. Alichonunua si alichokula mwezi huo, na jaribio linahusu alichokula.

Mara nyingi hatuna kaya ileile miezi mingi. Tuna utafiti wa mwaka huu na wa miaka kadhaa baadaye, kaya tofauti kabisa. Watu wengi hukata tamaa hapo, au hufanya kosa baya zaidi, yaani wanachukua wastani wa kila utafiti na kuujaribu kama mtu mmoja. Njia ipo. Iliwekewa msingi na Daniel McFadden na Marcel Richter, na Yuichi Kitamura na Jörg Stoye wakaipa jaribio kamili la takwimu mwaka 2018, wakilitumia kwa data za Uingereza zenye hadi bidhaa tano. Wazo lake ni kwamba kila mtu aruhusiwe mapendeleo yake, ila mgawanyo wa mapendeleo hayo usibadilike kati ya tafiti. Kwa bajeti mbili sharti lote ni mstari mmoja: sehemu ya watu walio ndani ya eneo la hatari kwenye bajeti ya kwanza (yaani waliochukua kapu ambalo bajeti ya pili ingelilipia na kubakiwa na fedha), ukijumlisha na sehemu ya walio ndani ya eneo la hatari kwenye bajeti ya pili, isizidi 1. Sababu ni nyepesi. Mtu mwenye mantiki hawezi kuwa kwenye maeneo yote mawili.

Tuseme kati ya kaya 400 za utafiti wa kwanza asilimia 70 walichukua zaidi ya kilo 4 za maharage, na kati ya 400 za wa pili asilimia 35 walichukua chini ya kilo 4. Jumla ni 1.05. Imezidi, lakini kosa sanifu, yaani kiasi ambacho jumla hiyo huyumba kwa bahati ya sampuli, ni 0.033, kwa hiyo takwimu ya jaribio (0.05 iliyozidi, gawanya kwa kosa hilo) ni 1.51, chini ya 1.645 inayohitajika kwa asilimia 5 upande mmoja. Hatukatai. Kwa kaya 1,000 kila utafiti na asilimia zilezile, kosa sanifu linashuka hadi 0.021, takwimu inapanda hadi 2.39, na tunakataa. Ngoja kwanza. Tafiti zetu za kaya huchukua maeneo ya kuhesabia, kisha kaya kadhaa ndani ya kila eneo, na majirani hununua sokoni pamoja. Kama hilo linazidisha mraba wa kosa sanifu mara tatu, kosa sanifu linakuwa 0.036 na takwimu inarudi 1.38. Ukataaji umeyeyuka. Nimeona majedwali mengi yanayosahau hatua hiyo moja.

Ubaya wa njia hii ni upole wake. Kama sehemu hizo mbili ni 0.60 na 0.30, sharti limetimia, ingawa asilimia 30 ya watu wanaweza kuwa wamejipinga bila sisi kuwaona. Na bajeti zikiwa nyingi, idadi ya aina za watu wenye mantiki inayopaswa kuorodheshwa hulipuka, ndiyo maana hesabu yake ilisubiri kompyuta za kisasa. Kuchota sampuli upya kutoka kwenye sampuli, mbinu ambayo wengi huifanya bila kufikiri, hapa hutoa majibu potofu kwa sababu ukweli unaweza kuwa umekaa ukingoni kabisa mwa sharti; Kitamura na Stoye wanasogeza kingo hizo ndani kidogo kabla ya kuchota.

Pale ambapo bei zinajulikana bila shaka, kwenye majaribio ya mezani, picha huwa safi zaidi. Syngjoo Choi, Shachar Kariv, Wieland Müller na Dan Silverman waliwapa zaidi ya Waholanzi 1,000 bajeti 25 kila mmoja, wakachapisha matokeo mwaka 2014. Wastani wa fahirisi ya Afriat ulikuwa 0.881, na waliopata alama za juu walikuwa na mali nyingi zaidi. Matokeo hayo hunukuliwa kama ushahidi kwamba umaskini unatokana na kutochagua vizuri, ilhali uhusiano haujaonyesha kipi kilitangulia. Karibu nasi zaidi, Dietmar Fehr, Günther Fink na Kelsey Jack walifanya kazi na wakulima wadogo wa Zambia na kuchapisha mwaka 2022. Walitumia kipimo kingine: watu hupewa kitu kwa nasibu, kisha huulizwa kama wanataka kukibadilisha. Mtu mwenye mapendeleo thabiti hapaswi kung'ang'ania alichopewa kwa sababu tu amepewa. Kung'ang'ania huko kulipungua msimu wa njaa, fedha zilipokuwa adimu. Uhaba uliwafanya wachague kwa uangalifu zaidi, kinyume kabisa na kauli ya kwenye warsha.

Limebaki swali la nani anayejaribiwa. Kaya si mtu. Browning na Pierre-André Chiappori, wakitumia data za Kanada mwaka 1998, walikuta masharti ya nadharia yakikubalika kwa watu wanaoishi peke yao na kukataliwa kwa wanandoa. Watu wawili wenye mantiki kamili, kila mmoja na orodha yake, wanaweza kuzaa manunuzi yanayopingana pale nguvu ya uamuzi inapohama kati yao. Mwezi ambao mama ameuza mbogamboga na mwezi ambao baba ameleta mshahara ni miezi ya maamuzi mawili tofauti, na jaribio linaviita vyote "kaya".

Kwa hiyo ombi langu kwa wanaoandaa hojaji za kaya ni la vitu vinne, na hakuna kinachohitaji teknolojia mpya. Waandike ukubwa wa kipimo kilichonunuliwa kila mara, si jumla ya mwezi pekee. Waandike bei aliyolipa mnunuzi huyo, pamoja na bei ya kipimo kikubwa zaidi kilichokuwapo kwenye duka hilohilo siku hiyo. Waandike fedha zilitoka mfukoni mwa nani. Na warudi kwa sehemu ndogo ya kaya, hata moja kati ya kumi, wakiwa na mizani, wapime upya kilichoandikwa, ili mchepuko wa kosa la kupima upatikane kwa kupimwa na usiwe wa kukisiwa na mtu aliye mezani.